Kitufe chenye X nyekundu: uchambuzi wa kisa kutoka dirisha la keshia

Kisa hiki kilitokea kwenye SACCOS moja, yaani chama cha akiba na mikopo, ya mji mdogo hapa Tanzania. Jina la chama, la mji, la programu na la kila aliyehusika nimeyaondoa, na kiasi cha fedha nimekibadilisha. Nakiandika kwa ajili ya wenzangu wanaotengeneza programu za ofisini, hasa wale ambao majina ya vitufe huyaandika jioni ya mwisho kabla ya kukabidhi kazi.

Usuli

Chama kilikuwa na makeshia watatu, afisa mikopo, mhasibu na meneja. Programu yao ilikuwa ya kompyuta za mezani, inayoendeshwa kwenye Windows, iliyoandikwa kwanza kwa Kiingereza kisha ikavikwa Kiswahili. Kampuni iliyoiuza ilikuwa imeacha kuihudumia, nasi tukapewa msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, tuutunze, mimi na mwenzangu mmoja. Mwaka mzima tulihangaika na ripoti na hifadhidata. Upau wa zana, ule mstari wa vitufe vya picha, hatukuugusa, kwa kuwa hakuna aliyeulalamikia.

Ulikuwa hivi: chini tu ya menyu, ikoni 17 za pikseli 16 kwa 16 zimebanana kama abiria wa daladala ya jioni, bila neno hata moja. Ukisimamisha kipanya juu ya ikoni na kusubiri kidogo, kinajitokeza kijisanduku cha njano chenye neno. Disketi ilisema "Weka akiba". Mshale wa kushuka, "Weka". Mshale wa kupanda, "Toa". Karatasi yenye mshale pembeni, "Toa" tena. Kufuli, "Funga". Mlango, "Funga". X nyekundu, "Futa".

Soma maneno hayo ukiwa umekaa kwenye kiti cha keshia. "Weka akiba" ya kwenye disketi ilikuwa tafsiri ya lile neno la Kiingereza la kuhifadhi kazi, na aliyeitafsiri bila shaka alipewa orodha ya maneno bila kuonyeshwa skrini. Kwenye chama cha akiba na mikopo, kuweka akiba ndilo jambo lililomleta mama pale kwenye foleni tangu saa mbili asubuhi. "Toa" ya kwanza ilikuwa ya kumpa mwanachama fedha zake. Ya pili ilikuwa ya kupeleka ripoti kwenye faili la nje. "Funga" ya kufuli ilifunga hesabu za siku, ya mlango ilifunga programu. Kila neno peke yake ni Kiswahili safi, wala huwezi kulikosoa kwenye karatasi.

Kilichotokea

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, siku ya watu wengi. Mama mmoja mfanyabiashara aliweka 480,000, akapewa risiti, akaondoka. Aliyemfuata alikuja na fomu ya kuweka, keshia akaanza kuijaza kwenye skrini, akagundua ameingiza namba ya mwanachama mwingine. Alitaka kuisafisha fomu ile aanze upya. Akabofya X nyekundu.

Programu ikamuuliza: "Ghairi muamala?" Chini yake vitufe viwili, "Sawa" na "Ghairi".

Hapo naomba tusimame kidogo. Keshia anataka kughairi. Kitufe kimoja kinasema "Ghairi", lakini hicho ndicho cha kuacha kughairi. Kingine kinasema "Sawa", na hicho ndicho kinachoghairi. Huyu dada alikuwa amekwisha kujifunza, baada ya kuumia mara kadhaa, kwamba kwenye kisanduku kile jibu ni "Sawa". Akabofya "Sawa". Fomu ikawa nyeupe, kama alivyotaka.

Asichokijua ni kwamba kitufe kile hakikushughulika na fomu iliyo wazi. Kilibatilisha muamala wa mwisho uliokamilika kwenye dirisha lake, na kusafishika kwa fomu kulikuwa matokeo ya pembeni tu. Zile 480,000 za yule mama zikatoka kwenye leja yake. Hakuna ujumbe uliosema hivyo.

Jioni droo ikazidi kwa 480,000. Walihesabu mara tatu. Mhasibu akaiandika kama ziada kwenye akaunti ya muda, wakaenda nyumbani. Wiki tatu baadaye yule mama akaja kuomba mkopo, ambao pale hupimwa kwa akiba ya mtu. Afisa mikopo akamsomea salio, mama akatoa risiti kwenye pochi. Risiti inasema fedha zimepokelewa, kompyuta inasema hazipo, na jina la keshia liko chini ya risiti.

Keshia aliandikiwa barua ya kujieleza. Alijibu kwamba hakufuta chochote, na kwa kadiri alivyojua alikuwa anasema kweli. Kumbukumbu za programu zilionyesha jina lake, saa na dakika. Sisi tuliitwa tuje kuthibitisha kumbukumbu hizo. Kuuchunguza upau halikuwa wazo la mtu yeyote pale.

Tulichokiona tulipokaa nyuma ya dirisha

Tulimwomba meneja siku mbili za kukaa na makeshia wakiwa kazini kabla hatujatoa taarifa yoyote. Alikubali shingo upande.

Jambo la kwanza nililoliona halikuwa kwenye skrini. Kwenye fremu ya kompyuta ya dirisha la pili palikuwa na kipande cha plasta nyeupe ya hospitali, kimeandikwa kwa kalamu ya wino "USIGUSE", na mshale uliochorwa kuelekea chini, pale pale ilipokaa ile X. Plasta ilikuwa imepauka na kingo zake zimeshika vumbi. Ilikuwepo kabla ya tukio. Nilipoisogelea, keshia wa pale aliniambia, "Kaka, hicho kina mambo yake. Mimi nikikosea nafuta herufi moja moja."

Yaani hatari ilijulikana. Ilijulikana kwa mtu mmoja, akaiandika mahali alipoweza kuandika. Mwaka mzima nilikuwa nafika ofisini pale, naunganisha printa, naondoka, na plasta ile sikuwahi kuisoma.

Siku ya pili tulichapa ikoni zote 17 kwenye karatasi, kubwa, bila maneno, tukamwonyesha kila mfanyakazi peke yake na kumwuliza, "Hiki kinafanya nini?" Ikoni za printa na mlango zilijulikana na wote. Mishale miwili iliwagawa. Keshia mmoja alisema mshale wa kushuka ni kuweka, kwa sababu fedha zinaingia kwenye droo. Mhasibu alisema ni kutoa, kwa sababu salio linashuka. Wote wana hoja. X nyekundu ilipata majibu manne: kufunga, kufuta, kusafisha, na "kuna kosa". Si ajabu. Tangu Windows 95, X ya kwenye kona ya juu kulia imekuwa ya kufunga dirisha, na X nyekundu kwenye ujumbe imekuwa dalili ya hitilafu. Alama ile ile ilikuwa na kazi mbili kabla sisi hatujaipa ya tatu.

Tulihesabu pia vitufe vinavyotumika kweli. Makeshia walitumia sita. Vingine vilikuwa vya meneja au mhasibu, na viwili hakuna aliyewahi kuvibofya.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza haukuhusu jina wala picha. Kubatilisha muamala uliokamilika tulikuondoa kwenye upau kabisa. Sasa keshia anafungua orodha ya miamala ya siku, anachagua mstari wenye jina na kiasi, ndipo kitufe cha kubatilisha kinapatikana. Mwenzangu alipendekeza tukiache palepale tukiongeze onyo. Nilikataa, na bado naamini nilikuwa sahihi: onyo lilikuwepo, na keshia alikwisha kulizoea. Kisanduku kinachotokea mara kumi kwa siku hakisomwi tena. Mkono unakijibu kabla ya jicho.

Pili, neno likae chini ya ikoni muda wote, si la kusubiri kipanya kisimame. Keshia mwenye watu ishirini mbele yake hasimamishi kipanya. Kuna faida nyingine ambayo Bruce Tognazzini, mbunifu wa sura za programu aliyewahi kufanya kazi Apple, aliieleza zamani: neno likiwekwa chini ya ikoni linakuwa sehemu ya kitufe, kitufe kinakua, na kitu kikubwa hufikiwa haraka kuliko kidogo. Hiyo ni kanuni ya mwanasaikolojia Paul Fitts ya mwaka 1954. Kwa hiyo hata mtu asiyelisoma neno lile tena anafaidika nalo.

Tatu, kila neno la kitendo lifuatwe na kitu chake. Hapa Kiswahili kinatutaka tuwe waangalifu, kwa sababu vitenzi vyetu vya kila siku ni vipana mno. Toa fedha, toa risiti, toa nakala, toa jina kwenye orodha, saba toa mbili. Funga mlango, funga mzigo, funga hesabu, funga Ramadhani. Tukiongea tunaelewana kwa sababu kitu chenyewe kiko mbele yetu au kimetajwa sekunde moja iliyopita. Kitufe hakina sekunde iliyopita. Tukaandika "Safisha fomu", "Printi risiti", "Funga siku", na ripoti ikawa "Peleka kwenye faili". Kuhusu "Printi" tulibishana. "Chapisha" lipo kwenye kamusi, lakini pale ofisini hakuna aliyelitumia, na afisa mikopo alidhani kuchapisha ni kutangaza kitu gazetini. Wote walisema "printi". Tukaandika "Printi".

Nne, kisanduku cha uthibitisho. Vitufe vyake sasa vinasema kile kitakachofanyika: swali linataja jina la mwanachama na kiasi, na majibu ni "Tengua" na "Usitengue". "Sawa" na "Ghairi" zimeondoka. Jina la "Tengua" tulilipata kwa njia ndefu, nitaieleza.

Tano, mtazamo. Mhasibu alitaka "Pokea" na "Lipa", kwa kuwa programu ni ya keshia na keshia ndiye anayepokea na kulipa. Ni hoja nzuri, nami nusura niikubali. Tuliamua "Weka fedha" na "Toa fedha" kwa sababu moja: fomu ya karatasi ambayo mwanachama anaileta dirishani imeandikwa KUWEKA juu ya moja na KUTOA juu ya nyingine. Keshia anaishika mkononi anapotafuta kitufe. Maneno yakifanana, jicho halihitaji mkalimani.

Tulipokosea

Toleo la kwanza tulilibandika ukutani likiwa karatasi kabla ya kuandika msimbo. Nashukuru tulifanya hivyo, maana kosa kubwa lilionekana dakika ya tano. Kitufe cha kubatilisha tulikiita "Rejesha muamala". Afisa mikopo alikisoma, akafurahi: "Mmetuwekea na kitufe cha marejesho!" Kwenye SACCOS yoyote, rejesho ni malipo ya mkopo. Mwanachama anakuja na rejesho lake kila mwezi. Tungekiingiza kitufe kile kazini, siku ya marejesho ingekuwa siku ya kubatilisha.

Tukajaribu "Batilisha". Walilielewa lakini lilikuwa neno la barua, la kutamka kwa kujikaza. Wao wenyewe walisema "kurivesi", na tulifikiria kuliandika hivyo. Keshia wa dirisha la pili, yule mwenye plasta, ndiye aliyetutoa. "Si ni kutengua tu? Kama wanavyotengua uteuzi." Wote wakacheka, na hakuna aliyehitaji maelezo. Kila anayesikiliza taarifa ya habari anajua uteuzi ukitenguliwa maana yake nini: jambo lilikuwa limekamilika, limeondolewa kwa amri, na kumbukumbu yake inabaki. Ndiyo maana halisi ya kitendo kile kwenye leja. Neno limekaa.

Kosa la pili lilipita hadi kwenye kompyuta zao. Maneno yetu ni marefu. "Sajili mwanachama mpya" lilikatwa likawa "Sajili mwana…", kana kwamba ni ofisi ya vizazi na vifo. Sisi tulijaribu kwenye skrini zetu pana. Kompyuta ya dirisha la tatu ilikuwa ya zamani, pikseli 1024 kwa upana, na vitufe viwili vya mwisho vilijificha nyuma ya kialama cha mishale miwili ambacho hakuna aliyejua kwamba kinafunguka. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa "Printi risiti". Asubuhi nzima keshia yule aliandika risiti kwa mkono. Tulirekebisha kwa kuruhusu mistari miwili, kufupisha hilo kuwa "Mwanachama mpya", na kuondoa vitufe ambavyo havikuwa vya keshia. Watu wanapoingia sasa, kila mmoja anaona upau wa kazi yake.

Kosa la tatu linaniuma zaidi. Katika kupanga upya, tulihamisha kitufe cha printa kutoka mahali pa tatu kwenda mwisho, kwa kufuata mtiririko wa kazi: jaza, kamilisha, printi. Kwenye karatasi ni mpangilio mzuri. Lakini keshia mkubwa, aliyefanya kazi pale miaka mingi, hakuwa anatazama upau hata kidogo. Mkono wake ulijua. Siku ya kwanza alibofya mahali pa tatu na kufungua dirisha la hisa, tena na tena, mbele ya watu. Aliniita pembeni akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mmenifanya mgeni nyumbani kwangu." Siku iliyofuata vitufe vitatu vya kila mara vilirudi mahali pake pa zamani, na mpangilio wetu mzuri ukapindika kidogo. Hatukutakiwa kuvihamisha.

Matokeo

Fedha za yule mama zilirudishwa kwenye leja kutoka akaunti ya muda, na mkopo wake ukaendelea. Tuliandika taarifa ya kurasa mbili yenye picha ya kisanduku kile cha "Ghairi muamala?", tukaikabidhi kwa meneja na Kamati ya Usimamizi. Barua ya keshia ilifutwa kwenye jalada lake kwa maandishi. Nilisisitiza kwamba iwe kwa maandishi. Kwa mtu anayeshika fedha za wengine, tuhuma isiyofutwa humfuata hata akihamia kazi nyingine.

Katika miezi mitatu iliyofuata tulipitia kila utenguzi pamoja na mhasibu. Kila mmoja ulikuwa umekusudiwa na kuandikiwa sababu. Keshia wa dirisha la pili alibandua plasta mwenyewe. Alama yake ya gundi bado iko kwenye fremu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kutenganisha vitendo viwili vilivyokuwa vimekaa chini ya alama moja. Kusafisha fomu ni jambo dogo, hufanywa mara nyingi, halina madhara. Kutengua muamala ni zito na adimu. Viliwekwa pamoja kwa sababu kwa mwandishi wa programu vyote viwili ni "kufuta". Jina zuri lisingeokoa kitufe kile. Ukiona kitufe kinakataa kupata jina fupi, mara nyingi kimebeba kazi mbili, na dawa yake ni msumeno, si kamusi.

Maneno chini ya ikoni yalifanya kazi pia, na si sisi wa kwanza kuligundua hilo. Jensen Harris, aliyekuwa kwenye timu ya Microsoft iliyobuni sura ya Office 2007, alisimulia jinsi upau wa Outlook, programu yao ya barua pepe, ulivyokuwa hautumiwi na wageni. Walibadilisha ikoni, wakazihamisha, haikusaidia, hadi walipoandika maneno kando ya zile muhimu. Sitaki kusema ikoni hazina kazi. Mtu akishazoea, rangi na umbo humwongoza haraka kuliko herufi. Ila siku ya kwanza neno ndilo linalomfundisha.

Kilichoshindwa, kabla ya yote, ni tafsiri ya orodha. Kiswahili kwenye programu za ofisini si kitu kigeni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishatoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na waliofanya kazi ile walilazimika kupima istilahi moja moja. Tatizo la upau wetu halikuwa uhaba wa istilahi. Neno lililofaa kwenye programu ya kuandika barua lilipelekwa kwenye ofisi ambayo neno hilo hilo tayari lina kazi: akiba, rejesho, toa, funga. Kila taaluma imeshika baadhi ya maneno ya kawaida na kuyapa maana yake. Duka la dawa lina "toa" yake, mahakama ina "funga" yake. Anayetaja vitufe anapaswa kujua maneno yaliyokwisha kushikwa kabla hajachagua yaliyobaki, na hayajui mtu aliyekaa mbali na dirisha.

Nasi pia tulishindwa kusikiliza kimya. Hakuna aliyelalamika, nasi tukahesabu hilo kuwa kuridhika. Makeshia hawakujua kwamba upau ni kitu kinachoweza kulalamikiwa. Waliuchukulia kama mvua, wakajikinga kwa plasta.

Kimebaki kitufe kimoja. "Funga siku" bado kina picha ya kufuli, na mara mbili sasa keshia mgeni amekibofya saa nane mchana akitaka kwenda kula, akidhani anaifungia kompyuta mtu asiiguse. Kisanduku kilimzuia, kwa kuwa swali linasema "Funga hesabu za leo? Hutaweza kupokea fedha tena hadi kesho." Lakini kufuli lenyewe linamwita. Wao wenyewe husema "kupiga hesabu" jioni inapofika, na kwenye toleo lijalo karatasi ya ukutani itakuwa na "Piga hesabu ya siku", bila kufuli, tuone watasemaje.